Mchoro ule wa baa usafishwe, usipakwe rangi upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niutetee ukuta mmoja. Baa ya mtaani kwetu ina mchoro mkubwa wa mandhari nyuma ya kaunta: milima, ziwa, na njia inayoshuka ikipindapinda hadi majini. Siku hizi wengi wanaupita kama ukuta mtupu. Moshi wa sigara na mvuke wa jikoni wa miaka mingi umeugeuza hudhurungi, chini umevimba na kubanduka, na kuna aliyetoboa kilele cha mlima mkubwa ili afunge runinga. Sasa mwenye baa anataka kuufufua. Namshukuru kwa moyo wote. Ila nasikia mpango ni kuleta kijana mwenye mkono mwepesi aupitie wote kwa rangi mpya, na hapo ndipo ninapomsihi asubiri.

Mimi ni fundi rangi, kuta ndizo zilizonilisha. Juzi ilipotunguliwa kalenda kuukuu iliyokuwa juu ya ziwa, nilisogea nikatazama. Pale ilipokuwa, anga ni la samawati iliyokolea, na kwenye ukingo wa wingu bado unaona michirizi ya nywele za brashi. Yaani mchoro upo, mzima kabisa, chini ya uchafu. Ukipaka juu yake utapata mlima wa mtu mwingine.

Kazi ianzie kwenye maji, tena kabla mtu hajagusa brashi. Ule uvimbe wa chini unatokana na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi ukibeba chumvi. Ukuta unapokauka, chumvi hugeuka chembe na kusukuma rangi kutoka ndani. Ukifunika hapo kwa rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, na siku ikianguka, inaanguka na plasta yake. Litafutwe bomba linalovuja, mfereji wa nje uzibuliwe, kisha ukuta uachwe ukauke taratibu. Najua kungoja kunaudhi pale biashara inapoendelea.

Vipande vinavyoning'inia vishikwe kwanza kwa gundi nyepesi. Baada ya hapo ndipo usafi, nao uanzie kwenye kijisehemu kidogo pembeni: pamba kwenye kijiti, maji safi kidogo, unabiringisha bila kusugua na kuitupa pamba ikichafuka. Mafundi wa makumbusho hutumia hata mate, kwa sababu yana kimeng'enya kinacholainisha uchafu. Pamba ikianza kushika rangi ya mchoro badala ya masizi, acha mara moja. Dawa ya kung'arisha nguo, sabuni ya unga na msasa visikaribie kabisa. Rangi mpya iingie kwenye mapengo tu, na iwe ya aina inayoweza kuondolewa baadaye bila kuumiza ya zamani.

Atakayeona haya ni ya makanisa na majumba ya wakubwa, akumbuke kwamba Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, kule Milan, Italia, ilichorwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia chakula. Ilianza kubanduka Leonardo mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1652 walikata mlango chini yake, miguu ya Yesu ikapotea. Kisha wakaja mafundi kwa zamu, kila mmoja akipaka juu ya mwenzake. Ukarabati wa mwisho ulianza 1978 ukamalizika 1999, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuondoa rangi za waliotangulia kusaidia. Sisi bado hatujajiletea mzigo huo.

Shida iliyobaki ni kona ya chini kushoto, ambako plasta ilishaanguka na kufagiliwa. Wazee wa pale wanabishana: wapo wanaosema palikuwa na mtumbwi, wengine wanasema ng'ombe wakinywa maji. Watu wamepiga picha nyingi mbele ya ukuta ule, za sherehe na za kuagana. Mwenye picha yoyote ya zamani inayoonyesha kona hiyo, hata kama mtu ameziba nusu yake, naomba aache nakala kaunta kabla kazi haijaanza. Hakuna atakayelazimika kubuni kitu ambacho kipo kwenye albamu ya mtu.

Fundi rangi, msomaji wako wa siku zote