Kuanza wanaanza, kurudi ndiyo kazi

Ndugu Mhariri,

Sisi ni waongozaji wa kikundi cha mbio za pole hapa Dar es Salaam, na tunaomba ushauri wa wasomaji wenzetu. Kumwanzisha mtu mazoezi hakutusumbui. Kinachotushinda ni kumrudisha aliyekosa wiki tatu.

Ratiba ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijakaza. Mgeni hutembea dakika tano, kisha hukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, halafu humalizia kwa kutembea dakika tano. Kipimo ni kuongea na kuimba, kama kwenye mchakamchaka: anayeweza kuongea ila wimbo unamshinda, mwendo wake unatosha, asiyeweza hata kujibu salamu amezidisha.

Wa kwanza kupotea ni wa wiki ya nne, na sababu yao tunaijua. Pumzi hutengemaa mapema kuliko mifupa na kano. Mtu akiona hahemi tena anaongeza kasi, ugoko unaanza kuuma, anabaki nyumbani, na watu wanamwita mvivu. Kwa hiyo wiki ya tatu wanakimbia dakika mbili na kutembea mbili, mara sita, na wiki ya nne wanarudia hiyohiyo hata wakijiona wana nguvu.

Wapo pia waliofuata kupunguza kitambi. Hao mizani huwavunja moyo. Nusu saa hiyo ya mazoezi, kwa mtu wa kilo 70, huunguza nguvu karibu sawa na iliyomo kwenye soda moja ya nusu lita, na wengi huinywa wakirudi! Tunawaambia wapime kiuno kwa futi kamba ya fundi cherehani, mara moja kwa mwezi.

Lakini masika yakishika, au Ramadhani ikiingia, tunakwama. Tumewapa mazoezi ya ndani: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, pushapu za ukutani 10, kupanda na kushuka kizingiti dakika mbili, mizunguko mitatu. Wanaofunga watembee taratibu nusu saa kabla ya futari. Peke yao hawafanyi. Kuwapanga wawili wawili kunasaidia mpaka mmoja asafiri, hapo wote hawaonekani. Faini ya shilingi 1,000 kwa siku ndiyo imeharibu zaidi: mwenye deni la 5,000 hakimbii tena barabarani, anatukimbia sisi.

Kwa upande wa mwili, aliyekosa wiki moja anaendelea alipoishia. Aliyekosa tatu anarudi hatua mbili nyuma kwenye ratiba ya mazoezi. Hapo ndipo penye aibu, maana atakimbia na wageni aliokuwa akiwaelekeza juzi. Wengine hulazimisha kasi ya zamani, na ugoko unaanza upya.

Je, wanaorudi tuwatengee siku yao au tuwachanganye na wageni? Na madeni ya faini tuyafute kimyakimya, au tutangaze mbele ya wote?

Waongozaji wa kikundi,
Dar es Salaam