Pomboo wa Kizimkazi: tupunguze mbio

Mhariri,

Kaskazi imeingia, bahari ya Kizimkazi imetulia na boti za pomboo zimeanza kujazana tena. Naomba nafasi niseme jambo ambalo manahodha tunalijua vizuri ila wageni hawaambiwi: pomboo wengi wanaopotea ghafla mbele ya boti wamekimbia mashine, na aliyewakimbiza ni huyo huyo aliyelipwa kuwaonyesha.

Kuwaona si kazi ngumu. Chombo kitoke saa 12 na nusu asubuhi, kabla upepo haujashika, maana mawimbi yakishaanza kuvunjika meupe huwezi tena kutenganisha pezi na ncha ya wimbi. Jua liwe mgongoni. Kila dakika kumi zima mashine, watu wanyamaze. Siku ya shwari pumzi ya pomboo husikika kabla mwenyewe hajaonekana, mlio mfupi mkavu, kama mtu anayepuliza vumbi mezani. Ndege wakizunguka na kutumbukia mahali pamoja, nenda ukatazame; chini kuna samaki wadogo, na wanaowala huwa hawako mbali.

Hapa kwetu wako wa aina mbili. Wa kwanza ana pezi lililopinda kama mundu na ndiye anayeonekana zaidi. Wa pili ana nundu, pezi lake limekaa juu yake, na akiibuka hutanguliza mdomo mrefu. Huyu wa nundu hupenda maji mafupi karibu na ufuo, ni mwoga, na ameshaingia katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Akionekana, atazamwe pale pale alipo, asifuatwe.

Balaa liko kwenye kukaribia. Nahodha akiona mapezi anaongeza mafuta, analipita kundi, anakata mbele yake na kupiga kelele, "Rukeni! Rukeni!" Wageni wanadondoka majini kama magunia ya mkaa. Pomboo wanazama, wanaibuka mita mia mbili upande wa pili, na huko boti nyingine imeshageuza omo, yaani mbele ya chombo, kuwaelekea. Baada ya nusu saa ya mchezo huo kundi linaelekea maji makuu na asubuhi imekwisha kwa kila mtu.

Njia inayofaa ni hii. Ukifika kama mita 300, punguza mpaka chombo kisiache wimbi nyuma yake. Ingia kwa ubavuni, nyuma kidogo ya kundi, ukielekea wanakoelekea wao. Mita 50 zinatosha. Wakiwa na mtoto, kaa mara mbili ya hapo. Mtoto mchanga utamjua kwa mistari myeupe ya mikunjo ubavuni, na mama huzaa mara moja tu kwa miaka kadhaa. Ukishafika weka nyutro na utulie. Usiingize na kutoa gia kila dakika, na rivasi usiiguse ila kwa hatari: sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na kishindo cha gia kwao ni kama mlango wa bati kubamizwa kichwani. Boti zisizidi mbili, dakika zisizidi 20. Wakitaka kucheza watakuja wenyewe chini ya omo.

Kuna hali moja ambayo wengi huifurahia kwa makosa. Kundi limebanana, linakwenda polepole upande mmoja, linapumua kwa mpangilio, hakuna anayeruka. Mgeni huona wametulia na wako tayari kuogelewa. Hao wamepumzika. Ukiwarushia watu hapo ndipo unapoona mkia ukipigwa juu ya maji, kundi kugawanyika na kuzama kwa muda mrefu, hapo ondoka.

Sisemi haya kwa kuwalaumu vijana. Magari ya hoteli za kaskazini hutembea kwa muda wa karibu saa mbili na hufika kwa pamoja, kwa hiyo boti nazo hutoka kwa pamoja. Mgeni ameshaahidiwa kwenye tangazo "kuogelea na pomboo, uhakika", na bakshishi inategemea kama aliruka. Nahodha mmoja akijizuia, jirani yake atakula.

Wazee wetu waliwavua pomboo kwa chambo cha papa. Utalii ndio uliowafanya wawe na thamani wakiwa hai. Ghuba ya Menai, ambamo bahari yetu ya Kizimkazi imo, ni eneo la hifadhi tangu 1997, na kamati za vijiji zipo. Basi zipange zamu pale ufukweni: kundi la kwanza la boti saa 12 na nusu, la pili saa 2, la tatu saa 3 na nusu. Anayekata mbele ya pomboo akose zamu siku tatu. Na neno "uhakika" lifutwe kwenye mabango kabla msimu haujapamba moto.

Nahodha wa boti ya utalii,
Kizimkazi, Unguja