Barua kuhusu namba 4,294,967,297

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusoma kwamba uliikalia namba 4,294,967,297 jioni nzima, ukaigawanya kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97, na kila mara ukapata baki, hata ukahitimisha kwamba namba hiyo nayo ni tasa. Usijilaumu, kwani mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini vivyo hivyo katika karne ya 17. Yeye aliona kwamba 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiongezwa 1, hutoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Namba yako ndiyo inayofuata, maana ni 2 kwa kipeo cha 32 ikiongezwa 1.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Huenda ukadhani ilimbidi mtu ajaribu maelfu ya namba tasa, lakini sivyo. Kutokana na kazi ya Euler, iliyokazwa zaidi na mwanahisabati Édouard Lucas, tunajua kwamba kila kigawo tasa cha namba hii ni kigawe cha 128 kilichoongezwa 1. Basi za kupimwa ni 129, 257, 385, 513, kisha 641. Miongoni mwa nne za kwanza ni 257 pekee iliyo tasa, nayo huacha baki 2.

Hata kugawanya hakuhitajiki, na hapa ndipo ninapoipenda hesabu hii kwa moyo wote. Tazama: 641 ni 5 mara 128 jumlisha 1, na pia ni 625 jumlisha 16. Kwa hiyo, tukitazama tu mabaki ya kugawanya kwa 641, yaani tukihesabu namba mbili kuwa sawa zikitofautiana kwa kigawe cha 641, basi 5 mara 2⁷ ni sawa na −1. Tukiipandisha kwa kipeo cha 4, 625 mara 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 625 ni sawa na −16, yaani −2⁴, hivyo −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 ikigawanywa kwa 641 haiachi baki lolote.

Kuhusu makundi yake, ni witiri, ina vigawo tasa viwili visivyojirudia, na ni namba pungufu, yaani inayozidi jumla ya vigawo vyake vingine, kwa kuwa vigawo hivyo, 1, 641 na 6,700,417, vikijumlishwa hutoa 6,701,059 tu. Lililonishangaza zaidi ni miraba. Namba hii ni 65,536² + 1², na vilevile ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kamwe kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo jozi hiyo ya pili peke yake ingetosha kukujulisha kwamba si tasa, kabla hujaiona 641.

Ni mimi rafiki yako.