Tusifyeke vichaka vyote vya msituni

Ndugu Mhariri,

Nimesikia watu wakiusifu msitu "uliosafishwa" chini ya miti. Naomba nafasi niwapinge.

Huku Kilimanjaro, na pia Meru, yupo ndege mdogo mwenye kichwa cha kijivu cha samawati na kifua cha manjano ya kukolea. Mbele ya jicho ana doa jeupe, na jingine kooni. Wataalamu humwita Pogonocichla stellata. Maisha yake yako chini, kwenye kiza cha vichaka. Siafu wakipita, hutulia kwenye kijiti kifupi, mara anashuka ghafla na kunyakua mdudu anayekimbia msafara, kisha anarudi juu. Hata kiota hukijenga chini, kina paa la majani makavu, na huwezi kukitofautisha na takataka za msituni.

Sasa tukifyeka vichaka kwa malisho na kukomba majani yote ya kutandikia ng'ombe, miti itabaki imesimama lakini yeye atakula wapi, atalalia wapi? Ndege wa namna hii wengi huogopa kuvuka mahali peupe.

Sisemi ng'ombe walale njaa. Najua kina mama wanavyohangaika na majani, hasa kiangazi. Ila ule ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu, tuliotengewa wanavijiji mwaka 1941, unahitaji utaratibu: tukate kwa zamu, sehemu nyingine zipumzike. Na kingo za makorongo zisiguswe kabisa. Viongozi wa vijiji walipeleke hili kwenye mikutano kabla ya kiangazi kijacho.

Msomaji wako,
Moshi