Risala ya Klabu ya Historia ya Michezo kwa Mgeni Rasmi: Ukumbi wa Chicago Stadium

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu utufungulie maonyesho ya picha za Chicago Stadium, ukumbi wa michezo uliokuwa mtaa wa Madison, jijini Chicago, Marekani, na ambao kiwanja chake leo ni maegesho ya magari ya United Center, ukumbi ulioshika nafasi yake.

Mwandaaji wa michezo Paddy Harmon aliufungua tarehe 28 Machi 1929 kwa pambano la ngumi. Duniani hapakuwa na ukumbi wa michezo wa ndani mkubwa kuuzidi. Mwenyewe hakuufaidi: aliondolewa uongozini, na mwaka 1930 akafa kwa ajali ya gari.

Picha tunazojivunia zaidi ni za mwaka 1932. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Julai, vyama vyote viwili vikubwa vya Marekani vilifanyia humo mikutano mikuu ya kuteua wagombea urais. Franklin Roosevelt, mgombea wa chama cha Democratic, alipanda ndege kuja kupokea uteuzi ana kwa ana, jambo ambalo hakuna mgombea aliyewahi kulifanya kabla yake. Kisha Desemba theluji ikazidi, Bears, timu ya Chicago ya mpira wa miguu wa Kimarekani, wakaingia ndani kucheza fainali na Portsmouth Spartans. Sarakasi ilikuwa imetoka muda mfupi tu na udongo wake bado umetandazwa sakafuni, harufu ya wanyama mkaisikie wenyewe! Uwanja ulikuwa na yadi 80 badala ya 100. Bears walishinda 9–0, na msimu uliofuata ligi ikabadilisha baadhi ya sheria kutokana na mechi ile.

Hoki ya barafu, ngumi na kinanda kikubwa cha mabomba ndivyo vilivyoujengea jina la kelele. Bulls, timu ya mpira wa kikapu ya Chicago, waliingia mwaka 1967. Kati ya mataji yao matatu ya 1991 hadi 1993, ni lile la 1992 tu walilolitwaa mbele ya mashabiki wao humo ndani.

Ukumbi ulifungwa mwaka 1994, ukabomolewa 1995. Haukuwa na vyumba vya kifahari vya kukodisha kwa matajiri, na hapo ndipo fedha za michezo zilipohamia. Kwa maoni yetu, hiyo ilikuwa sababu nyembamba.

Ndugu Mgeni Rasmi, picha tunazo, sauti hatuna. Waliokata tiketi, waliouza vinywaji na waliotengeneza barafu wanazidi kuzeeka. Tunaomba utusaidie kupata vinasa sauti na mtaalamu wa kutufundisha kuhifadhi kumbukumbu, tuanze na wazee waliokaa safu ya mbele hapa.

Tunaomba kuwasilisha.