Salamu za Pasaka, na ukuta usiomalizika

Jamaa na marafiki, hamjambo? Hapa kwangu Nairobi Pasaka yetu Wayahudi inaingia Jumatano jua likizama. Unga wa ngano umeshatoka nyumbani, kabati zimepanguswa hadi pembeni, na wale mnaokuja kwa ajili ya chapati zangu, vumilieni siku nane.

Mwezi uliopita nilikuwa na fundi wa lipu sebuleni. Kijana mwenye mkono safi. Alipofika kwenye ukuta unaotazamana na mlango, nikamwambia aache kipande hapo, dhiraa kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mawe yaonekane. Akautazama mwiko wake, akanitazama mimi. "Mama, saruji iko ya kutosha." Nikamwambia najua. Jioni nikamkuta amechanganya mchanga na saruji kidogo kwenye karai, amalizie bila malipo. Alidhani nimeishiwa na pesa, naona haya kusema.

Ikabidi nimweleze. Nikasema Hekalu letu la Yerusalemu lilibomolewa, ndiyo maana nyumba zetu hatuzimalizi.

"Pole sana. Lini?"

"Mwaka wa sabini."

Akahesabu kimoyomoyo. "Hamsini na sita. Na hamjajenga lingine?"

Nilicheka hadi nikakaa. Si elfu moja mia tisa na sabini, nikamwambia. Ni sabini yenyewe, jeshi la Roma chini ya jemadari Tito. Na hilo lilikuwa la pili. La kwanza lilichomwa na Wababeli mwaka 586 KK. Aliweka karai chini taratibu, kama mtu aliyeingia kwenye matanga bila kujua.

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wetu wa kale, inasimulia kwamba baada ya Hekalu la pili kuanguka, watu wengi waliapa kutokula nyama wala kunywa divai. Rabi Yehoshua akawauliza kwa nini. Wakasema: tule nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na sasa haitolewi? Tunywe divai iliyokuwa ikimiminwa hapo? Akawaambia, basi na mkate tuache, maana sadaka za unga nazo zimekoma. Wakasema tutakula matunda. Malimbuko ya matunda nayo yalipelekwa huko, akajibu. Matunda mengine, basi. Na maji je? Maji pia yalimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza. Ndipo akawaambia: kutolia kabisa haiwezekani, na kulia kupita kiasi haiwezekani. Mtu apake nyumba yake lipu, aache kidogo. Aandae karamu, apunguze kitu. Mwanamke ajipambe, aache pambo moja. Jumatano mkiniona na bangili mkono mmoja tu, sijaibiwa.

Mimi nampenda huyu mzee kwa sababu aliwajua watu. Angewaachia wale wafunge nyama na divai, baada ya vizazi viwili watoto wao wangechoka na kuacha yote. Dhiraa moja ya ukuta haichoshi. Nakiri siku nyingi napita pale bila kuiona, nina sufuria mkononi au simu sikioni. Lakini mgeni huiona, akauliza, na ikibidi nieleze nalazimika kukumbuka.

Sala nazo zinafanya hivyohivyo. Mara tatu kwa siku tunaomba Yerusalemu ijengwe na ibada irudi Hekaluni, na tukila mkate, shukrani ya baada ya chakula inautaja mji ule tena. Tunasimama tumeuelekea. Kutoka Nairobi ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Jirani yangu Mwislamu anaelekea Makka, naye ni kaskazini, kidogo tu upande wa mashariki. Kuta zetu zinapakana, na alfajiri sote wawili tunatazama kaskazini.

Mezani usiku wa Pasaka msiba umekaa pamoja na furaha, wala hauombi radhi. Mwana-kondoo wa Pasaka alichinjwa Hekaluni, na sasa tumebaki na mfupa kwenye sahani. Nyumbani kwetu usiku huo hatuli nyama ya kuchoma kabisa, isije ikaonekana kama ile sadaka, na kwa mtu wa Nairobi hiyo ni toba kubwa. Tunabana mboga chungu katikati ya matza, mkate usiotiwa chachu, tukisema ni ukumbusho wa Hekalu, kama Hillel, mwalimu wetu wa kale, alivyofanya Hekalu lilipokuwa bado limesimama. Kisha yai. Yai ni chakula cha wafiwa, tunalila tukitoka makaburini. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, karne ya 16, alieleza kwa nini liko pia kwenye meza hii: usiku wa kwanza wa Pasaka na usiku wa tarehe 9 ya mwezi wetu wa Av, siku ya kulilia Hekalu, daima huangukia siku moja ya juma.

Basi mwaka huu Pasaka inaingia usiku wa kuamkia Alhamisi, na mwezi wa saba, usiku wa kuamkia Alhamisi vilevile, nitakuwa nimekaa sakafuni bila viatu vya ngozi, tunasoma Maombolezo. Siku hiyo hatusalimiani. Mkinipigia nikaitikia kwa sauti ya chini, bila "habari za nyumbani", msidhani nimewakasirikia.

Kwa hiyo pokeeni za leo zikiwa kamili. Habari za watoto? Wazee wanaendeleaje? Mvua imefika huko? Hag sameah, sikukuu ya furaha kwenu nyote. Na yule fundi nimemwekea matza, atakuja Jumapili kupaka rangi, tumeshaelewana ataishia wapi.