Barua ya wazi kwa mpwa wangu: adui asiyeumia na jinsi anavyoendelea kutisha

Mpwa wangu mpendwa,

Katika ujumbe wako wa mwisho, ulioambatana na rasimu ya katuni yako kuhusu jitu lisiloumia linalovuka daraja, ulisema kwamba adui asiyedhurika ni kifo cha hadithi, kwa kuwa mwandishi hubakiwa na njia mbili tu: ama shujaa ashindwe, ama udhaifu uzuliwe ukurasa wa mwisho. Najua wapo wachoraji wa katuni wengine wanaosumbuliwa na jambo hilohilo, ndiyo maana nimeona nikujibu hadharani. Hoja yako ina uzito, ila nadhani unamdai adui kitu ambacho si kazi yake. Mwili usioumia hufuta swali moja tu, yaani kama anapigika, na swali hilo likishafutwa msomaji hulazimika kuuliza mengine yaliyo magumu zaidi: huyu anataka nini, atapita wapi ili akipate, na nani atakuwa amesimama hapo atakapopita.

Mtazame Juggernaut, adui wa kundi la mashujaa liitwalo X-Men. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1965 katika toleo la 12 la X-Men, na karibu toleo zima msomaji haoni uso wake. Anachoona ni ulinzi wa shule ya Profesa Xavier, mwalimu wa mashujaa hao, ukivunjwa kimoja baada ya kingine, na katikati ya mishindo hiyo Xavier anawasimulia wanafunzi wake habari za Cain Marko, ndugu yake wa kambo, aliyeshika kito cha Cyttorak na kupata nguvu za kichawi ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzizuia. Anapoonekana waziwazi, ukurasa wa mwisho, msomaji ameshajua mambo mawili: kwamba kuta hazina maana kwake, na kwamba chuki yake ni ya nyumbani. Toleo linalofuata linatoa jibu kwa haki kabisa. Kofia yake ya chuma ndiyo inayoikinga akili yake dhidi ya uwezo wa Xavier wa kuingia katika akili za watu, kwa hiyo kazi ya wanafunzi inakuwa kumvua kofia hiyo, na kila anayemkaribia anajua kwamba ngumi zake hazitafaa kitu. Mwili haukupata hata mchubuko, na bado ameshindwa bila mwandishi kudanganya, maana kanuni ilitajwa mapema na ikaheshimiwa.

Kisa ninachokipenda zaidi kumhusu ni cha mwaka 1982, matoleo ya 229 na 230 ya The Amazing Spider-Man, kilichoandikwa na Roger Stern na kuchorwa na John Romita Jr. Juggernaut anaingia New York kumchukua Madame Web, mwanamke kipofu mwenye uwezo wa kuona yajayo, ambaye uhai wake unategemea kiti chenye mitambo. Spider-Man anajaribu kila anachoweza, na jitu hilo linaendelea kutembea tu kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Linafika, linamng'oa yule mwanamke kitini, kisha linagundua kwamba bila kile kiti hana faida kwake. Basi linamwacha hapo akiwa mahututi na kugeuka kuondoka. Hapo ndipo napenda usome polepole. Vita vimekwisha, adui anaenda zake, na hakuna anayemlazimisha Spider-Man kumfuata. Anamfuata kwa sababu dhamiri haimruhusu kuliacha lipite, na toleo lote la pili linasukumwa na uamuzi huo. Anamgonga kwa lori la mafuta linalolipuka, na jitu linatoka ndani ya moto likiwa zima. Mwishowe anamrukia kichwani na kumziba macho, naye Juggernaut, kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kuzuiwa, anaendelea kutembea bila kuona hadi kwenye msingi wa jengo uliomwagwa zege mbichi, na anazama. Nguvu zake zote ni za kusukuma, na ndani ya zege mbichi hakuna cha kukanyaga.

Doomsday, adui wa Superman, ni namna nyingine kabisa, na hapa nakiri wivu wa kitaaluma kwa jinsi walivyompanga. Katika matoleo manne ya mwisho ya mapambano yake na Superman, kurasa za toleo la kwanza zina picha nne kila moja, la pili tatu, la tatu mbili, na toleo la 75 la Superman, lililotoka mwishoni mwa 1992, lina picha moja tu kwa kila ukurasa. Ngozi ya adui haikuongezeka ugumu. Ni nafasi ya kupumua iliyopunguzwa, na msomaji anahisi mwisho unakuja hata kama hajui kwa nini. Asili yake ilielezwa baadaye, mwaka 1994: mtoto aliyetupwa mara nyingi katika nyika ya Krypton ya kale ili auawe, kisha akatengenezwa upya kutokana na mabaki yake, hadi mwili ukajifunza kutouawa tena na kitu kilichowahi kumuua. Kanuni hiyo ni ya kutisha kuliko ugumu wa kawaida, kwa kuwa ushindi wa jana unakuwa silaha iliyotupwa. Shida yake ni kwamba hana analotaka zaidi ya kuua, na nadhani ndiyo maana visa vyake vingi vya baadaye havikuwa na kishindo kile cha kwanza.

Aina nyingine nitazipitia upesi. Absorbing Man hugeuka kuwa kile anachokigusa, kwa hiyo shujaa hulazimika kufikiria kilichopo karibu kabla ya kurusha ngumi. Blob hahamishiki maadamu miguu yake iko ardhini. Sebastian Shaw hupata nguvu kutokana na kila pigo analopokea, na huyo ni zawadi kwa mwandishi, kwani hasira ya shujaa ndiyo inayomlisha adui. Kila mmoja ana kanuni inayoelezeka kwa sentensi moja, na ukiona sentensi yako inahitaji viraka, kanuni bado haijaiva.

Kuhusu udhaifu wa siri, nakubaliana nawe kwa nusu. Jiwe la kryptonite, linalomdhoofisha Superman, lilianzia kwenye redio mwaka 1943, likaingia katika vitabu vya katuni mwaka 1949, na likatumiwa ovyo kiasi kwamba mwaka 1971 wachapishaji wenyewe walitoa kisa ambamo mawe yote ya aina hiyo duniani yaligeuka chuma cha kawaida. Kila mhalifu alikuwa nalo mfukoni, wala halikumgharimu mtu chochote kulipata. Linganisha na Fumo Liyongo, ambaye mikuki haikumwua lakini sindano ya shaba kitovuni iliweza. Kinachouma katika kisa kile ni mwana anayeahidiwa cheo na binti wa mfalme ili amdadisi babaye. Siri ilinunuliwa kwa bei ambayo msikilizaji hawezi kuisahau. Darkseid, mtawala dhalimu ambaye pia ni adui wa Superman, kwa upande wake, mara nyingi husimama tu mikono ikiwa nyuma, kwa kuwa anachokitafuta ni hiari za watu, na ngumi haina msaada kwa mtu aliyekwisha kukubali kutawaliwa.

Sasa turudi kwenye rasimu yako. Kurasa za risasi zinazodunda kifuani mwa yule jitu zipunguze zibaki picha mbili, maana msomaji ameshaelewa kwenye picha ya kwanza. Nafasi utakayoipata mpe yule mlinzi wa daraja, ambaye sasa hana hata jina: anajua jitu halitasimama, anajua kuna watu nyuma yake ambao hawajavuka, na ana muda wa kuchagua. Kisha amua jitu linaenda kuchukua nini ng'ambo, kwa kuwa katika rasimu hii linavuka tu kwa sababu daraja lipo. Ukishaliamua hilo, nitumie michoro ya penseli kabla hujaipaka wino.

Mjomba wako